Mchezo wa Viatu vya Farasi: Kutengeneza Uwanja Wake na Kuucheza



Katika kurasa hizi tumezoea kuleta masomo ya shamba: kupanda miche, kupalilia, kuanika karafuu zisishike ukungu, na kuzifikisha mizanini zikiwa safi. Mara hii tunaleta somo la mchezo, na tunaomba msishangae. Msimu ukisha na majamvi yakisha kukunjwa, jioni huwa ndefu. Vijana wasipopewa jambo la kufanya hulitafuta wenyewe, na wanalolipata si jema kila mara.

Mchezo tunaoueleza umetoka kwa wakulima wenzetu wa nchi ya mbali. Hauhitaji fedha nyingi, mzee na mtoto huweza kuucheza pamoja, na uwanja wake hutosha nyuma ya nyumba. Zaidi ya hayo, una fundisho moja ambalo kila mkulima wa karafuu anaijua thamani yake, nalo ni kipimo. Nani kati yetu hajapata kusikia mchumaji na mpimaji wakigombana, mmoja akitaka pishi iliyojaa kilele na mwingine akitaka pishi iliyopigwa usawa? Pale ambapo kipimo hakikuafikiwa mapema, hata ndugu hukosana. Mchezo huu nao ni hivyo hivyo: ukipimwa vizuri ni furaha, ukibahatishwa ni ugomvi.

ASILI YAKE

Mchezo huu ni wa Marekani. Wakulima wa huko zamani walikuwa na farasi na nyumbu wengi, na wanyama hao huvishwa kwatoni kiatu cha chuma kilichopindwa mfano wa mwezi mchanga. Kwa hiyo vyuma vikuukuu havikukosekana uani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, askari walikuwa wakirusha viatu vya nyumbu kambini ili kujipumbaza, na waliporudi makwao waliendelea nao.

Kwa muda mrefu mchezo haukuwa na sheria moja. Mwaka 1910 yalifanyika mashindano yaliyoitwa ya dunia katika mji mdogo wa Bronson, jimbo la Kansas, na mshindi akawa Frank Jackson. Mwaka 1914 wachezaji walikutana Kansas City, katika jimbo hilo hilo, wakaunda chama na kuandika sheria za kufuatwa na wote. Mwaka 1921 chama cha taifa kiliandikishwa katika jimbo la Ohio, nacho ndicho kinachousimamia mchezo hata leo. Mchezo wa uani ulifika hata Ikulu: mwaka 1989 Rais George Bush, yaani yule baba, aliutengenezea uwanja katika White House.

VIFAA

Farasi kisiwani kwetu ni wachache, na kiatu cha punda ni kidogo mno. Hilo lisitukatishe tamaa, maana hata Marekani kiatu cha kuchezea siku hizi si kile cha kumvisha mnyama. Hutengenezwa makusudi, nacho ni kikubwa na kizito zaidi. Mhunzi yeyote wa kwetu aweza kukitengeneza. Vitakiwavyo ni hivi:

Viatu vinne, viwili kwa kila mchezaji. Kwa sheria, kiatu kisizidi ratili 2 na aunsi 10, yaani kama kilo 1.2. Upana wake usizidi inchi 7 na robo, na urefu usizidi inchi 7 na tano ya nane. Nafasi iliyo wazi kati ya ncha mbili isizidi inchi 3 na nusu. Nondo ya milimita 16 yafaa sana. Nondo hiyo huwa na uzito wa kama kilo 1.58 kwa kila mita. Kipande cha sentimita 55 basi kitatoa kiatu cha karibu gramu 870, nacho ni chepesi kidogo, kizuri kwa mwanafunzi. Kwa viatu vinne itatakiwa nondo ya mita 2 na sentimita 20. Mhunzi azipinde ncha ziingie ndani kidogo, kama kulabu fupi, ili kiatu kikishika kigingi kisichomoke upesi. Kisha azipige tupa kingo zote, maana chuma chenye makali hukata vidole. Viatu viwili vipakwe rangi nyekundu na viwili nyeupe.

Vigingi viwili vya chuma cha mviringo chenye unene wa inchi 1. Nondo ya milimita 25 itatosha. Kila kimoja kiwe na urefu wa inchi 36.

Udongo wa kinamo, debe kadhaa, mbao nene au magogo ya mnazi, kamba isiyovutika, na utepe wa kupimia.

Kijiti kilichonyooka chenye urefu wa inchi 6 kamili. Kijiti hiki msikidharau. Mtaona hapa mbele kwamba ndicho hakimu wa mchezo wote.

MAHALI PA UWANJA

Tafuteni mahali pa sawa penye urefu wa futi 50 na upana wa futi 10. Uwanja ulazwe kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mchezaji machoni.

Msiuweke chini ya mikarafuu. Mizizi midogo ya mkarafuu inayolisha mti imo karibu na uso wa ardhi, na jembe litaikata. Tena kiatu kikipotea njia kitachubua shina. Msiuweke penye sakafu au mahali pa kuanikia, kwani msimu ukifika hamtakuwa na nafasi ya kuchagua kati ya mchezo na mazao. Wala msiuweke kando ya njia ya watu wendao kisimani au msikitini.

KUTENGENEZA UWANJA

1. Pigeni mstari wa katikati kwa kamba. Juu ya mstari huo tieni alama mbili za vigingi, baina yao futi 40 kamili, yaani mita 12 na sentimita 19. Pimeni mara mbili, mara ya pili mkianzia upande wa pili.

2. Katika kila alama chorezeni shimo lenye upana wa futi 3 na urefu wa futi 4, urefu huo ukifuata mstari wa kamba, na alama ya kigingi ikiwa katikati barabara. Ili pembe ziwe sawa, tumieni hesabu ya waashi: futi 6 upande mmoja, futi 8 upande wa pili, na kamba ya mshazari ikitimia futi 10, pembe ni mraba. Ikizidi au ikipungua, rudieni.

3. Chimbeni kina cha inchi 8. Zungushieni mbao au magogo, nayo yasiinuke juu ya ardhi mbele ya shimo, maana kiatu kitayagonga na kuruka.

4. Simikeni vigingi. Inchi 13 zizame katika ardhi ngumu chini ya shimo, inchi 8 zipite katika udongo mtakaoujaza, na inchi 15 zibaki juu. Kila kigingi kielemee mwenzake, ncha ya juu ikiwa imetangulia mbele inchi 3 kupita shina lake. Kwa namna hiyo kiatu kikigonga huteremka chini badala ya kurudi nyuma. Zile futi 40 hupimwa kutoka shina hadi shina, pale kigingi kinapotokeza udongoni, wala si kutoka ncha hadi ncha.

5. Jazeni kinamo. Kwa mashimo yote mawili zitatakiwa kama futi 16 za ujazo, yaani karibu nusu ya mita ya ujazo. Kitolewe mawe yote, kisha kitiwe maji na kukandwa mpaka kiwe kama unga wa chapati. Kiatu kikianguka hapo hukaa pale pale. Mahali pasipo na kinamo, kichanga cha shamba kitafaa, ingawa kiatu huteleza. Mchanga wa pwani tusiutumie, maana chumvi yake hula chuma. Baada ya kucheza, funikeni udongo kwa gunia lililoloweshwa, usije ukakauka na kupasuka.

6. Pande mbili za kila shimo sawazisheni njia ya kusimama yenye upana wa futi 1 na nusu. Nyuma ya kila kigingi, kwa umbali wa futi 4, lazeni gogo la mnazi au ubao ulioinuka futi 1, uzuie viatu vilivyopita. Chimbeni na mfereji mdogo kandokando, mvua za masika zisigeuze shimo kuwa kisima.

7. Mwisho, chorezeni mistari ya kutupia. Wa kwanza uwe futi 3 mbele ya kigingi, yaani futi 37 kutoka kigingi cha pili. Wa pili uwe futi 13 mbele ya kigingi, yaani futi 27 kutoka kile cha pili. Mistari hii ifanywe pande zote mbili.

KWA NINI MISTARI IWE MIWILI

Hapa ndipo tunapouona uzuri wa mchezo huu. Watu wazima wenye nguvu hurusha kwa masafa ya futi 40. Wanawake, vijana wasiozidi miaka 18, na wazee waliotimiza miaka 70 wanaruhusiwa na sheria kurusha kwa masafa ya futi 30, nao husogea mpaka mstari wa mbele. Kigingi ni kile kile na alama ni zile zile. Hivyo babu hucheza na mjukuu wake, na ndugu wa kiume na dada yake, bila ya mmoja kumhurumia mwenzake. Watoto wadogo zaidi tunashauri wasogezwe hata kuliko hapo, na wapewe kiatu chepesi.

Tofauti ya nguvu imetiwa katika kipimo tangu mwanzo, na baada ya hapo hakuna anayependelewa.

NAMNA YA KURUSHA

Mwenye kutumia mkono wa kulia asimame kushoto mwa shimo. Aushike mkono mmoja wa kiatu, kidole gumba juu na vidole vingine chini, kiatu kikiwa kimelala kama sahani na uwazi wake ukitazama kushoto. Auachie mkono urudi nyuma kama timazi ya saa, kisha uje mbele. Mguu wa kushoto upige hatua moja, na kiatu kiachwe mkono ukifika usawa wa macho. Kiatu kitazunguka hewani mfano wa mishale ya saa, mzunguko mmoja na robo, na kitakapofika uwazi wake utakuwa umeelekea kigingi.

Wengine hukishika mkono wa pili wa kiatu, uwazi ukitazama kulia, nacho huzunguka mara moja na robo tatu. Wengine hukishika kwenye tumbo la mpindo, ncha zikielekea mbele, kikapinduka kichwa chini mara moja. Kila mtu achague moja na kulishikilia. Anayebadili kila siku hafiki popote.

Nguvu si kitu hapa. Kilicho na maana ni kurusha leo kama jana. Alan Francis wa Ohio, aliyekuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara 20, huvisha kigingi zaidi ya viatu 8 katika kila 10. Anayeanza akivisha kimoja katika kumi, na ashukuru.

KUHESABU ALAMA

Wachezaji wawili husimama upande mmoja. Wa kwanza hurusha viatu vyake viwili, kisha wa pili hurusha vyake viwili. Ndipo wote huenda pamoja upande wa pili kuhesabu, na kutoka huko huanza kurusha upya. Aliyepata alama ndiye hutangulia. Asipopata yeyote, wapokezane.

Kiatu kilichokizunguka kigingi tunakiita pete, nacho kina alama 3. Lakini si kila kiatu kinachoonekana kuwa pete ni pete. Wekeni ubao mnyoofu uguse ncha zote mbili za kiatu: ubao usipogusa kigingi, hiyo ni pete, ukigusa, si pete.

Kiatu kisicho pete hupata alama 1 ikiwa kiko ndani ya inchi 6 kutoka kigingini, nacho ndicho kilicho karibu zaidi. Hapa ndipo kazi ya kijiti chetu. Kiatu kilichoegemea kigingi nacho ni alama 1, ingawa katika nyua nyingi za Marekani hukihesabu 2. Kilichotua nje ya shimo, au kilichorushwa mguu ukiwa umevuka mstari, hakina kitu.

Sheria ya kushika sana ni hii: vilivyo sawa huondoana. Pete ya mmoja huondoa pete ya mwenzake. Viatu viwili vilivyo umbali mmoja huondoana pia. Kwa hiyo katika kila mzunguko ni mmoja tu apataye alama. Tuone mifano:

Mwekundu ana pete mbili, Mweupe hana: Mwekundu apata 6.

Mwekundu ana pete mbili, Mweupe ana moja: moja kwa moja zaondoana, Mwekundu apata 3.

Mwekundu ana pete moja na kiatu cha pili ndicho kilicho karibu zaidi: apata 4.

Kila mmoja ana pete. Kiatu cha pili cha Mweupe kiko inchi 5, cha Mwekundu inchi 9: pete zaondoana, Mweupe apata 1.

Nyumbani mchezo huishia alama 21. Katika mashindano makubwa huendelea hadi 40.

Mtu yeyote asiguse kiatu kabla wote wawili hawajakubaliana. Ikitokea mabishano, msiulizane macho yameona nini. Leteni kijiti. Kijiti hakina jamaa wala hakina deni kwa mtu, na kila mmoja alikiona kikikatwa. Tunawashauri mkitundike mlangoni karibu na uwanja, na kisikatwe kingine pasipo wote kuwapo.

HATARI

Kiatu hiki ni chuma cha karibu kilo moja kinachopita hewani. Kikimpata mtoto kichwani, furaha yote itageuka msiba. Basi haya si ya kuchagua:

Mtu asisimame upande unaorushiwa viatu, hata nyuma ya gogo. Watazamaji wakae ubavuni, nyuma ya wanaorusha, mbali kama futi 20. Mtoto asipewe kazi ya kuokota viatu. Wachezaji waende wenyewe, wote pamoja, baada ya kiatu cha nne kutua. Kuku, mbuzi au mtu akikatiza, mchezo usimame. Giza likiingia, mchezo umekwisha, na kila kigingi kifunikwe kwa debe bovu au ndoo kuukuu, maana chuma cha inchi 15 kilichosimama gizani ni mtego kwa mpita njia.

NA KAMARI

Twalisema hili wazi. Mchezo wowote wenye kuhesabiwa alama huwaita wenye kuweka fedha, na hasa fedha za karafuu zikiwa bado mpya mfukoni. Kamari ni haramu, na mbali na uharamu wake, huua mchezo wenyewe. Penye fedha kijiti hakiaminiwi tena, na jirani huwa mwizi machoni mwa jirani. Atakayeshindwa na awapikie wenziwe chai, yatosha.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kwanza: Mwekundu ana pete moja na kiatu kingine inchi 4. Mweupe hana pete, ila kiatu chake kimoja kiko inchi 3. Nani apata, na ngapi?

Pili: Kila mmoja ana pete mbili. Je?

Tatu: Mmepima futi 40 kutoka ncha hadi ncha za vigingi. Kosa ni la kiasi gani?

Majibu. La kwanza: Mwekundu apata 3 tu. Kiatu chake cha pili hakikuwa karibu kuliko cha Mweupe, na Mweupe hapati kitu kwa kuwa pete imemshinda. La pili: hakuna apataye. La tatu: kila ncha imetangulia inchi 3 mbele, kwa hiyo mashina yamepishana na futi 40 kwa inchi 6, nayo ni sawasawa na urefu wa kijiti chetu. Ng'oeni mpime tena.

Mwanachama atakayetaka kumwonyesha mhunzi umbo la kiatu na aje ofisini siku za kazi. Tutamchorea kwa ukubwa wake kamili juu ya karatasi.

Wasalaam,
Katibu wa Chama